Mtoto Hatajwi Katika Talaka

Katika Kiswahili, mume huacha, mke huachwa. Kitenzi kina mtenda na mtendwa, mtoto hatajwi. Wazazi wangu walipoachana nilikuwa na umri wa miaka tisa. Nilihamia pamoja na mama nyumbani kwa bibi, mtaa wa Langoni, mjini Lamu. Watu wazima walizungumza juu ya eda na matunzo. Mimi hakuna aliyeniuliza neno.

Watoto wa kwingineko huliwazwa na mbwa. Kwetu, ambako vichochoro havipitishi magari, mzigo huchukuliwa na punda, na tangu mwaka 1987 anatibiwa na shirika la Kiingereza, Donkey Sanctuary. Kila alasiri nilimnywesha maji punda wa mjomba, nikimweleza niliyoshindwa kumwambia mama. Hakunijibu, lakini pia hakunitaka nichague upande.

Hata hivyo, liwazo si tiba. Darasani nilinyamaza muhula mzima, na mwalimu akaniita mvivu.

Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inataka mtoto apewe nafasi ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu. Nafasi hiyo isiishie mbele ya kadhi au hakimu. Ndugu mwalimu, umwonapo mwanafunzi amenyamaza ghafla, usiharakishe kumkemea. Muulize, kisha umsikilize. Mimi nilikuwa na punda. Yeye huenda hana hata huyo.