MAFUNZO YA BARIDI YA MLIMANI: TUULIZE NINI KABLA YA KULIPA KARO?



Wako vijana wetu wa Busia, Malaba na Tororo ambao hupata riziki yao kwa kubeba mizigo na kuongoza wageni juu ya Mlima Masaba, ambao ramani zinauita Elgon. Wengine hupandia Budadiri upande wa Uganda, wengine huingilia Chorlim, karibu na Endebess, upande wa Kenya. Kila mara hutufikia ofisini na karatasi ya matangazo mkononi, wakauliza kama kozi iliyoandikwa humo inafaa kulipiwa. Karo yenyewe si ndogo. Kwa mpagazi ni mapato ya safari kadhaa, na pengine mbuzi wa nyumbani keshauzwa. Kwa hiyo tumeona yafaa tuieleze habari hii kwa kirefu kidogo.

Kwanza tuseme habari ya baridi yenyewe, maana wako wanaodhani kwamba kwa kuwa nchi yetu haina majira ya theluji kama Ulaya, mafunzo ya baridi hayatuhusu. Mji wa Tororo uko kwenye kimo cha karibu mita 1,200. Kilele cha Wagagai ni mita 4,321. Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa kiasi cha digrii sita na nusu, basi kati ya soko la Tororo na Wagagai kuna tofauti ya digrii 20 hivi. Mchana wa digrii 28 sokoni ni digrii nane kule juu, na usiku maji ya kwenye sufuria huweza kuganda. Tena hapo hatujauhesabu upepo, wala mvua ya mawe.

Mlimani Masaba adui mkubwa si barafu bali ni kulowa. Mtu aliyelowa, akapigwa na upepo katika digrii tano, hupoteza joto upesi kuliko mtu mkavu aliye mahali penye baridi kali zaidi. Joto la mwili likishuka chini ya digrii 35, ulimi huanza kuwa mzito, vidole vinashindwa kufunga kamba za viatu, na mtu hujikwaa pasipo jiwe. Akiacha kutetemeka, wenzake wasifurahi wakidhani amepata nafuu. Hapo ndipo hatari imezidi.

Wenzetu wa Scotland walilijua jambo hili kwa msiba. Mnamo Novemba 1971 kundi la wanafunzi kutoka Edinburgh lilikumbwa na dhoruba ya theluji katika milima ya Cairngorm. Walikuwa wakielekea kibanda kidogo cha kujihifadhi, hawakukifikia, wakalala nje siku mbili. Watu sita walikufa, watano kati yao wanafunzi. Mahali penyewe pana kimo cha mita 1,100 hivi, yaani hapazidi Tororo! Kwa hiyo urefu wa mlima peke yake hauonyeshi hatari yake. Baada ya msiba huo masharti ya watu wanaoongoza wanafunzi milimani yalikazwa. Hata leo, anayetaka cheti cha kiongozi wa milima nchini Uingereza sharti awe ametembea milimani siku 20 kabla ya kuingia mafunzoni, siku 40 kabla ya mtihani, na mtihani wenyewe ni wa siku tano huko huko nje. Hizo ni hesabu za milima isiyo na theluji. Ya majira ya baridi ina cheti chake mbali.

Linganisheni na mwenzetu mmoja aliyekuja kwetu mwaka jana. Alilipa karo ya siku tatu, akakaa siku mbili na nusu katika ukumbi wa hoteli akionyeshwa picha, na nusu siku iliyobaki wakapanda kilima kilicho nyuma ya hoteli jua likiwaka. Cheti alipewa, kizuri, chenye muhuri wa dhahabu. Miezi miwili baadaye alikuwa juu ya Mude pamoja na mgeni aliyeanza kupepesuka, ukungu umefunga, naye hakujua kama amkalishe, ampandishe au amteremshe. Aliyemwokoa ni mpagazi mzee asiye na cheti chochote, aliyesema, "Tunashuka sasa hivi." Mgeni alipona.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mwenye kozi ni hili: tutalala mlimani usiku mangapi, na katika mwezi gani? Kozi inayofanyika Januari tu, wakati wa ukavu, haimfundishi mtu kuwasha jiko kwenye mvua. Sisi twaona kwamba usiku mitatu juu ya mita 3,000 ni afadhali kuliko wiki nzima ya ubao na chaki, ingawa ubao nao una kazi yake, hasa katika kusoma ramani na dira. (Simu yenye ramani ni kitu kizuri mpaka betri ipoe na kuzimika.)

Ulizeni pia mkufunzi mmoja ana wanafunzi wangapi. Darasani hata 30 si kitu, lakini katika ukungu mtu mmoja hawezi kuwaangalia zaidi ya sita au wanane. Na mkufunzi mwenyewe amefanya kazi mlima gani, kwa miaka mingapi? Asikasirike kuulizwa. Akikasirika, mmekwisha pata jibu.

Jambo la tatu, na ndilo linalowakosesha wengi fedha zao, ni kwamba kila mlima una kazi yake. Kozi ya shoka la barafu, kamba na vyuma vya meno vya kufunga chini ya viatu ni ya lazima kwa anayetaka kuongoza wageni Margherita huko Rwenzori, mita 5,109, ambako hupitiwa juu ya barafu yenye nyufa. Anayetaka Batian ya Mlima Kenya lazima ajue kupanda mwamba kwa kamba. Lakini kijana ambaye kazi yake ni Wagagai au Koitobos hatakanyaga barafu hata siku moja. Huyo alipie huduma ya kwanza, ramani na dira, ugonjwa wa kimo, namna ya kuwakinga watu na baridi, na kumbeba majeruhi kwa machela mahali penye ngazi na utelezi kama pale njia ya Sasa. Akipenda barafu baadaye, ataifuata iliko. Tena wakati ungalipo, kwa maana barafu ya Rwenzori, ya Kenya na ya Kilimanjaro inapungua mwaka hata mwaka.

Habari ya kimo isipitwe upesi kozini. Kanuni wanayoifuata waganga ni kwamba juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Njia ya Sasa hulaza watu kwenye mita 2,900 usiku wa kwanza, kisha Mude kwenye 3,500, nayo tayari ni mita 600. Wengi huvumilia, lakini mwongozaji ajue kwamba hana nafasi ya kuchezea. Mkufunzi asiyetaja habari hii, au anayeruhusu waragi "kupasha mwili joto", tusimlipe. Pombe huleta damu kwenye ngozi, mtu akajisikia moto, kumbe joto linamtoka.

Sasa cheti. Upande wa Kenya kuna mitihani ya KPSGA yenye ngazi ya shaba, fedha na dhahabu, nayo inaheshimika, ila ni ya waongozaji wa safari kwa jumla. Anayeipita hajapimwa katika machela wala ukungu. Kabla ya kulipa, nendeni kwa walinzi wa hifadhi na kwa mwajiri mkaulize kama cheti kile wanakitambua. Msimwulize mwuzaji peke yake.

Na kwa nini mpagazi alipe mwenyewe? Kenya, waajiri hutozwa ushuru wa mafunzo wa Sh. 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, unaokwenda NITA, na mwajiri aliyelipa aweza kudai arudishiwe gharama za mafunzo yaliyokubaliwa. Mwambieni hivyo, kwa adabu, mkiwa wawili au watatu. Kama hajui, tutamwandikia barua sisi. Anayekubali kulipa atie saini pia juu ya makoti ya mvua, maana mafunzo hayamkaushi mtu.

Kwa wale ambao hawana karo mwaka huu, anzeni na daftari. Kila safari andikeni tarehe, njia, kimo mlicholala, hali ya hewa na lililotokea. Ofisi yetu itaweka muhuri kila mwisho wa mwezi, siku ya Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi.