Nani Atamshuhudia Mwenzake?

Ndugu Waislamu, kikundi cha kuweka na kukopeshana bila riba, kiwe Hirbadaw wilayani Hanang au kwingineko, husimama juu ya swali moja: nani mwaminifu, na nani amshuhudie? Imesimuliwa kuwa Umar bin Al-Khattab (R.A.) alimuuliza mtu aliyemsifu mwenzake: Je, u jirani yake? Umesafiri naye? Mmeamiliana kwa fedha? Alipokana yote, akaambiwa kuwa hamjui.

Wanazuoni wa Hadithi waliijenga hoja hiyo ikawa elimu kamili, al-jarh wat-taadil. Walimpima mpokezi kwa uadilifu na kwa uthabiti wa hifadhi, kwani hata mchamungu aweza kuwa msahaulifu. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 Hijria (1449), aliwapanga wapokezi kwa daraja 12. Lawama isiyo na sababu, dhidi ya aliyekwisha kuthibitika, haikupokewa. Na maneno ya wanarika waliohasimiana yalitazamwa kwa hadhari kubwa.

Na sisi je? Mnong'ono mmoja wa sokoni watosha mjane kunyimwa mkopo! Kabla jina lake halijafutwa daftarini, mlaumu na aulizwe mbele ya wanakikundi: ameona nini, lini, na je, wana ugomvi?