Ukurasa uliokufa lakini unaendelea kusema

Leo nawaletea kosa langu mwenyewe, juu bengi kati yetu hapa Likasi tunaandika programu ndogo-ndogo na kuwapa wadogo wetu wa chuo.

Niliandika maktaba moja ya Python ya kuhesabu shaba ndani ya sampuli ya mawe. Moduli ya kwanza ilikuwa na kosa: iligawanya kwa uzito wa sampuli ikiwa bado na maji. Chukua gramu 100 zenye gramu 10 za maji na gramu 2.7 za shaba. Ukigawa kwa 100 unapata 2.7%. Ukigawa kwa gramu 90 za sampuli kavu unapata 3%. Nikafuta ile moduli, nikaandika mupya, nikajenga tena maelezo na Sphinx, nikatuma folda kwa WhatsApp.

Kisha mudogo mumoja wa Buluo, aliyekuwa anamaliza TFC, akaniandikia: “Yaya, hesabu yako na ya profesere haipatane.” Alikuwa amefungua ukurasa wa moduli ile niliyoifuta. Sura nzima ilijengwa juu yake. Na alifikiri kosa ni lake.

Ukurasa ulitoka wapi? Sphinx, chombo Georg Brandl alichokitoa mwaka 2008 kwa ajili ya maelezo ya Python, inajenga kurasa mupya lakini haifagie za zamani. Mabaki yanakaa fasi mbili.

Ya kwanza ni upande wa chanzo. sphinx-apidoc inaandika faili moja ya .rst kwa kila pakiti au moduli. Ukifuta moduli, .rst yake inabaki. Ukijenga tena, Sphinx inalalamika kwamba imeshindwa kuingiza moduli, halafu inatoa ukurasa wenye kichwa bila kitu ndani.

Ya pili ndiyo iliyoniangusha. Mimi nilifuta .rst kwa mkono, nikaona nimemaliza. Lakini .html yake ilibaki katika folda ya matokeo. Haiko tena kwenye orodha ya yaliyomo, utafutaji hauione, ila mwenye kufungua folda au mwenye linki ya zamani anaisoma kama kweli.

Sasa dawa yake:

1. Kabla ya kutoa, piga make clean. Inasafisha folda ya matokeo tu. Faili za .rst zilizozalishwa haizigusi.

2. Zile .rst ziweke katika folda yao peke yake, kwa mfano source/api, na uifute nzima kabla ya kupiga sphinx-apidoc. Usiweke humo hata ukurasa mumoja ulioandika kwa mkono, utalia. Katika Sphinx za karibuni, sphinx-apidoc ina chaguo --remove-old linalofanya kazi hiyo.

3. Jenga na -W. Kila onyo linakuwa kosa, na moduli iliyokosekana inaonekana palepale.

4. Angalia na zip. Ukipiga zip -r juu ya zip ya zamani, faili ulizofuta zinabaki ndani. Futa zip kwanza. Ukinakili kwa seva na rsync, ongeza --delete.

Kujenga yote upya kunachukua muda, na umeme wetu mnaujua. Basi siku za kazi jenga kwa haraka, make clean iwe ya siku ya kutoa.

Yule mudogo alirudia hesabu zake zote usiku mbili mbele ya kutetea, na alitetea. Mimi nilimuomba msamaha. Asiye na mega za kuhakikisha kwa intaneti anaamini folda uliyomtumia. Kwa hiyo mbele ya kutuma, fungua folda yako, hesabu kurasa, na uulize kila moja: wewe, moduli yako bado iko?