Daftari la Wageni na Siri ya Mtu

Msafiri atokaye Moshi kwenda Arusha akiamua kulala Bomang'ombe, makao makuu ya Wilaya ya Hai, hutakiwa kwanza kujaza daftari la nyumba ya wageni: jina, kabila, atokako na aendako. Akifika lango la Machame ili kuupanda mlima, hukuta daftari jingine. Ajaye nyuma husoma bila taabu habari za waliomtangulia. Daftari likijaa hupelekwa wapi?

Wapo wanasheria wetu walioshughulika na swali la namna hii mapema. Adam Mambi, aliyetumikia Tume ya Kurekebisha Sheria kabla ya kuwa Jaji wa Mahakama Kuu, alitoa mwaka 2010 kitabu juu ya sheria za teknolojia ya habari na mawasiliano. Alex Makulilo wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Bremen, Ujerumani, mwaka 2012, kwa utafiti juu ya ulinzi wa taarifa za watu Afrika. Mwaka 2016 akahariri kitabu juu ya sheria hizo barani. Cape Verde ilikuwa nayo tangu 2001. Sisi bado.

Wako wasomi waliodai kwamba Mwafrika, kwa kuwa huishi kijamaa, hana haja ya faragha. Makulilo aliihoji hoja hiyo, na kwa maoni yetu alifanya vyema. Mchaga huzungushia kihamba chake masale, na apitaye ajua mpaka. Visiwani mgeni hupiga hodi, akangoja. Wanaume hupokewa barazani, ukuta wa nyumba ukiwa migongoni mwao. Waliojenga baraza wakafundishwe faragha na nani?

Hatimaye Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Akusanyaye taarifa hana budi kujisajili, kumweleza mwenyewe sababu, na kutozigeuzia kazi nyingine. Mwenyewe naye aweza kudai aonyeshwe na asahihishiwe. Ofisi za umma hazikuachwa nje, na hapo ndipo tungependa maofisa wasome mara mbili, kwani majalada mengi ya wananchi yamo mikononi mwao.

Kwa ndugu zetu wa visiwani liko jambo zito zaidi. Sheria hiyo hutumika Zanzibar, isipokuwa kwa mambo yasiyo ya Muungano. Simu ni za Muungano. Hivyo alama za vidole zilizochukuliwa katika usajili wa laini ulioanza mwaka 2019 zimo ndani yake. Afya si ya Muungano. Jalada la mama aliyejifungulia hospitali ya serikali Pemba halifikiwi na sheria hiyo, ingawa Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, kifungu cha 15, yalinda faragha ya kila mtu. Lakini haki ya Katiba yataka utaratibu: alalamikiwe nani, ajibu kwa siku ngapi, akikosa atozwe nini. Kwa mambo hayo mwenye mamlaka ya kutunga sheria ni Baraza la Wawakilishi, na wanasheria wa Unguja na Pemba ndio wanaopaswa kuwapelekea Wawakilishi maswali hayo, moja moja, yakiwa yameandikwa.