Karatasi na picha za jamaa: skani leo, mzee akiwa bado anakumbuka

Katika nyumba nyingi za Bukavu, Goma, Uvira ao Butembo, historia ya jamaa inakaa ndani ya valizi moja chini ya kitanda. Humo utakuta kadi ya ubatizo ya babu, diploma ya mama, karatasi ya kiwanja, kitabu cha kazi cha wakati wa Wabelgiji, na bahasha ya picha za zamani zilizoanza kugeuka rangi ya chai. Valizi hiyo haifunguliwi kila siku. Inafunguliwa siku ya kilio, siku ya ugomvi wa kiwanja, ao siku mtoto anapoombwa cheti cha kuzaliwa. Na mara nyingi ni siku hiyo watu wanatambua kwamba mchwa wamekula, maji yameingia, ao valizi yenyewe ilibaki nyuma wakati wa kukimbia.

Leo simu ya kawaida yenye kamera inatosha kuokoa sehemu kubwa ya urizi huo. Lakini kuna jambo ambalo simu haiwezi kufanya peke yake: kusema ni nani aliye kwenye picha. Hapo anahitajika mzee. Na mzee naye hatungojei.

Inchi ambamo karatasi hazidumu

Wakaaji wa mashariki mwa Kongo hawahitaji kufundishwa namna karatasi zinavyopotea. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, volkano Nyiragongo ilipasuka na lava ikapita katikati ya mji wa Goma mpaka ndani ya Ziwa Kivu. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ikapasuka tena, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaombwa kuhama. Usiku kama huo, mtu anashika watoto, godoro na sufuria. Album ya picha inabaki ukutani ao kabatini.

Huko Kalehe, Kivu ya Kusini, tarehe 4 mwezi wa tano 2023, mafuriko yalibeba vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, pamoja na mamia ya watu. Bukavu inajua moto unaoruka kutoka nyumba ya mbao kwenda nyingine, na udongo unaoteremka mlimani wakati wa mvua. Na juu ya hayo yote kuna vita: ile ya 1996, ile ya 1998, mpaka mapigano ya mwanzo wa 2025 mjini Goma na Bukavu. Kila mara watu wamekimbia, na kila mara karatasi zimebaki.

Hata karatasi iliyotunzwa vizuri inaweza kukusaliti. Kadi nyingi za wachaguzi zilizotolewa wakati wa kujiandikisha kwa uchaguzi wa 2023 zilianza kufutika maandishi kwa muda mfupi. Na kwa wengi wetu, kadi hiyo ndiyo inayotumika kama kitambulisho.

Mtu mmoja, majina mawili

Kutafuta ukoo kwetu si sawasawa na kule Ulaya, ambako jina la jamaa linafuatana kutoka baba hadi mjukuu. Kwetu kila mtoto anaweza kupewa jina lake: la babu, la shangazi, la siku aliyozaliwa, ao la shida iliyokuwapo nyumbani. Ndugu watano wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina matano tofauti. Ukiangalia majina peke yake, huwezi kujua kwamba ni watu wa tumbo moja.

Kisha kukaja mwaka wa 1972. Serikali ya Mobutu, katika siasa yake ya kurudilia asili, ilikataza majina ya kikristo. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Kwa hiyo mtu aliyebatizwa kwa jina la Petro mwaka wa 1955 anaweza kuonekana kwenye diploma yake ya 1975 kwa jina lingine kabisa, na kwenye karatasi ya kiwanja ya 1995 akarudia Petro. Mjukuu anayekuta karatasi hizo tatu bila maelezo atafikiri ni watu watatu.

Mahali pia palibadilika jina. Kitabu cha kazi kilichoandikwa Albertville ni cha Kalemie ya leo. Costermansville ni Bukavu, Stanleyville ni Kisangani, Elisabethville ni Lubumbashi, Baudouinville ni Moba. Inchi yenyewe iliitwa Zaire tangu 1971 mpaka 1997. Na mtu aliyezaliwa Kindu ao Goma mbele ya 1988 aliandikwa kuwa wa jimbo la Kivu, kwani ni mwaka huo Kivu iligawanywa kuwa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema.

Ongeza makarani walioandika namna walivyosikia. U ya kwetu wakati mwingine iliandikwa «ou» na Mfaransa, na «oe» na Mflama. Usisahihishe karatasi. Chukua picha yake namna ilivyo, kisha andika pembeni namna jina linavyosemwa nyumbani.

Kwa nini karatasi ina uzito

Hapa si suala la mapambo ya sebuleni tu. Sheria ya 2004 juu ya uraia inasema Mkongomani wa asili ni mtu wa makabila ambayo watu na udongo wao vilifanya Kongo wakati wa uhuru. Inasema pia kwamba mtoto ni Mkongomani ikiwa mmoja wa wazazi wake, baba ao mama, ni Mkongomani. Katika eneo letu, ambako neno «mgeni» limemwaga damu, kitabu cha babu chenye jina la kijiji na la chifu wake ni kitu cha kuheshimiwa.

Kuna pia watoto waliozaliwa njiani ao kambini. Sheria ya jamaa inaomba mtoto aandikishwe ndani ya siku 90. Siku hizo zikipita, jamaa inalazimika kwenda tribinali kutafuta hukumu ya kuchukua nafasi ya cheti. Hapo karatasi za wazazi, hata kadi ya ubatizo ao ya chanjo, zinasaidia kuonyesha mtoto ni wa nani.

Tukumbuke vilevile wamama watano waliozaliwa na baba mzungu na mama Mkongomani wakati wa ukoloni, wakanyanganywa mama zao wangali watoto, wakapelekwa misioni ya Katende kule Kasai. Tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili 2024, korti ya rufaa ya Bruxelles iliamua kwamba serikali ya Ubelgiji iliwatendea uhalifu juu ya ubinadamu. Watoto wengi wa namna hiyo walibadilishiwa majina, na wamezeeka wakitafuta karatasi moja tu yenye jina la mama.

Uanze na karatasi gani?

Usijaribu kumaliza valizi yote siku moja. Anza na karatasi zenye majina ya wazazi na mahali pa asili: cheti cha kuzaliwa, kadi ya ubatizo, kadi ya mchaguzi, karatasi ya ndoa, kitabu cha kazi ao cha utambulisho cha wakati wa ukoloni. Zifuate karatasi za kiwanja na diploma. Kisha picha, ukianza na zile ambazo watu wake wanajulikana na mzee mmoja peke yake.

Kadi ya ubatizo usiidharau. Misioni za kikatoliki upande wa Tanganyika zimekuwapo tangu karne ya 19. Mapadri Weupe walishika Mpala mwaka wa 1885. Kadi ina namba inayopeleka kwenye kitabu kikubwa cha parokia, ambamo yameandikwa majina ya wazazi na ya msimamizi wa ubatizo. Ukiwa na namba hiyo, hata kadi ikiungua, unajua mlango wa kugonga.

Namna ya kuskani bila mashini kubwa

Weka karatasi juu ya meza, karibu na dirisha, mchana, mahali jua haliipigi moja kwa moja. Zima flashi. Shika simu juu yake sambamba, bila kuiinamisha, na uache ukingo kidogo pande zote nne. Kwenye simu za Android, programu ya Google Drive ina sehemu ya kuskani karatasi. iPhone inayo ndani ya Notes. Kwa picha za watu, kamera ya kawaida inafaa zaidi, kwani programu hizo zinaweza kukata nyuso ao kubadilisha rangi.

Chukua mbele na nyuma. Nyuma ya picha ndiko kuna muhuri wa studio, tarehe, ao maneno mawili ya mjomba aliyeituma kutoka Kisangani. Picha iliyoshikana na kioo ao na kurasa za album usiivute, itapasuka. Ichukue hapohapo ilipo.

Ukienda kwa mwenye skana kwenye duka la fotokopi, omba dpi 300 kwa karatasi, na 600 kwa picha ndogo kama ya pasipoti. Simama hapo mpaka mwisho, kisha uombe afute kopi kwenye mashini yake. Na orijinali usiiplastifie: joto na gundi haviondoki tena, na plastiki inafunga unyevu ndani. Skochi vilevile inaacha madoa. Bahasha kavu ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kabati, mbali na udongo, inatosha.

Mwite mzee

Ukimaliza kuchukua picha, kazi kubwa ndiyo inaanza. Kaa na bibi ao babu, mpe picha mkononi, washa kinasa sauti cha simu, na umwache aseme kwa luga anayoipenda: Mashi, Kinande, Kilega, Kibembe, Kihunde ao Kiswahili. Usimkatize. Uliza maswali madogo: huyu ni nani, mama yake alitoka wapi, nyumba hii ilikuwa kijiji gani, nani alipiga picha? Mara nyingi picha moja inaleta majina kumi ambayo hayakuandikwa popote.

Kisha lipe kila faili jina linaloeleweka. «IMG_0457» haisemi kitu. «1962_Uvira_ndoa-ya-babu_mbele» inasema vya kutosha, hata kwa mtoto atakayeifungua baada ya miaka 40.

Pa kuweka, na pa kutoweka

Kopi moja ni kama hakuna kopi. Weka moja kwenye simu, moja kwenye flashi ao kadi memori inayokaa nyumba nyingine, na moja kwa ndugu aliye mbali: Kinshasa, Kampala, Nairobi ao Ulaya. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokima, si kama picha, kwani WhatsApp inapunguza ubora wa picha.

Lakini si kila kitu ni cha Facebook. Kadi yenye namba na sahihi inaweza kutumiwa na wadanganyifu. Na kwenye barabara zetu, simu inaweza kufunguliwa na mtu mwenye silaha: picha ya zamani ya mjomba aliyevaa sare inaweza kukuletea matatizo ambayo hakuna maelezo yatakayoyamaliza. Ukisafiri, acha hizo kwa ndugu aliye mbali, na ubaki na zile unazohitaji.

Mwisho, tusidanganyane: skani haichukui nafasi ya orijinali mbele ya tribinali ao ofisi ya viwanja. Kazi yake ni kukuonyesha namba, tarehe, ofisi na jina la aliyetia sahihi, ili uweze kuomba karatasi mpya pale vitabu vya ofisi vingali vipo. Na pale ambapo vitabu navyo viliungua, itabaki peke yake kuwaonyesha watoto uso wa babu yao, na sauti ya bibi ikitaja jina lake.