Je, Wajua? Nakivale Kwenye Ramani

Kwenye ramani, mto Rwizi hupita chini ya kilima cha Nyamitanga, penye kanisa kuu la Katoliki la Mbarara, nchini Uganda, kisha huelekea mashariki kwenye maziwa na vinamasi vya Mburo na Nakivale, eneo la Ramsar (ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa) tangu 2006. Kando ya ziwa Nakivale, wilayani Isingiro, yamo makazi ya wakimbizi yaliyoanza mwaka 1958 kwa kupokea Wanyarwanda. Kanda zake ni Base Camp, Juru na Rubondo. Kijiji kimoja huitwa New Congo: jina tu lamwonyesha msomaji walikotoka wakazi wake. Ramani nzuri zaidi huonyesha pia bomba la maji, zahanati na njia ya miguu, mambo ambayo mgeni huyahitaji siku ya kwanza.