Sura ya 6: Pacha Mkavu na Pacha Mwenye Besi

Kwenye vibanda vya mafundi wa simu karibu na steji ya 46, Kawangware, iafoni hununuliwa kwa namna moja. Mteja anaomba za maana. Muuzaji anachomoa mbili tatu kwenye pakiti, anachomeka ya kwanza kwenye simu yake, anaweka ngoma ambayo besi yake inajulikana mtaa mzima, kisha anapandisha sauti hadi mwisho. Mteja anajaribu sikio moja tu, kwa kuwa la pili linasikiliza bei. Nyuma yake makanga anaita abiria wa tao, kinu cha unga kinasaga, na duka la jirani limetoa spika nje. "Hii inachapa," anasema, na biashara imekwisha.

Sitaicheka mbinu hiyo. Inatosha kabisa kumwezesha mtu kuitambua iafoni iliyokufa, au kopi iliyobandikwa jina la watu. Shida huanza mtu anapotaka kulinganisha iafoni mbili za hali ya juu zinazokaribiana sana, kwa mfano matoleo mawili ya kiwanda kimoja. Hapo kibanda bado kitatoa hukumu, tena bila kusitasita, lakini itakuwa hukumu juu ya kelele, juu ya sauti iliyopandishwa na juu ya umbo la sikio. Iafoni zenyewe zitakuwa hazijasikilizwa.

Kuna mapacha wawili wanaofaa sana kwa somo hili. Mead Killion alikuwa mhandisi wa vifaa vya kusaidia kusikia, na mwaka 1983 alianzisha kampuni ya Etymotic Research huko Elk Grove Village, jimbo la Illinois, Marekani. Mwaka 1991 kampuni hiyo ikatoa ER-4, mojawapo ya iafoni za kwanza za hali ya juu zinazoingia ndani kabisa ya tundu la sikio. Ndani yake hamna spika ya kawaida yenye koili iliyobandikwa kwenye utando. Kuna kile kinachokaa ndani ya kifaa cha mtu asiyesikia vizuri: ulimi mdogo wa chuma uliosimamishwa katikati ya sumaku, ambao umeme ukipita hutikisika na kuusukuma utando kupitia kijiti chembamba. Mwaka 2016 kampuni ikatoa matoleo mawili kwa mpigo, ER4SR na ER4XR. Umbo ni lile lile, ukinzani ni ule ule wa omu 45, na bei ilikuwa ile ile ya dola 349. Kwa dola ya shilingi 129 hiyo ni kama shilingi 45,000, yaani kodi ya miezi 15 kwa chumba cha shilingi 3,000. Tofauti iliyokusudiwa ni moja: XR imeongezewa desibeli chache katika besi. SR imeachwa kavu.

Nani Kibera atajali desibeli chache za besi? Prodyuza atajali. Studio nyingi za mtaani ni chumba kimoja, kompyuta, maiki na trei za mayai ukutani. Trei hizo, nasema hapa kwa faida ya atakayekuja kuzinunua, hupunguza kidogo mwangwi wa sauti za juu, lakini hazizuii kelele ya jirani wala haziigusi besi. Chumba kidogo huvimbisha masafa fulani ya chini na kumeza mengine, kiasi kwamba ukisogeza kiti hatua moja wimbo unabadilika. Paa la mabati nalo huitikia kwa sauti yake lenyewe. Spika nzuri ndani ya chumba hicho haisemi kweli. Iafoni inayoziba sikio inakikwepa chumba chote, na kwa prodyuza wa Gatwekera, Kibera, au wa Gatina, Kawangware, hiyo ndiyo studio ya bei nafuu kuliko zote, hata kwa shilingi 45,000. Wimbo wake utapigwa Pamoja FM, redio ya jamii iliyoanza kurusha matangazo kutoka Kibera mwaka 2007; utapigwa ndani ya nganya yenye spika chini ya kila kiti; utapigwa pia kwenye simu ya kabambe iliyoning'inizwa shingoni. Besi ikikadiriwa vibaya, itaharibika kote huko, kila mahali kwa njia yake.

Tuwalinganishe basi. Kitu cha kwanza cha kuondoa njiani ni ukubwa wa sauti. Kwa umeme ule ule wa volti 0.1, kiwanda kinataja desibeli 96 kwa SR na 98 kwa XR. Desibeli mbili zinaonekana haba, lakini kuzipata kwa iafoni ile ile kungehitaji nguvu ya umeme zaidi ya mara moja na nusu. Na sikio lina tabia ya ajabu: tofauti ndogo ya ukubwa halitaji kuwa ukubwa. Husema tu hii ni safi zaidi, hii imejaa, hii ina uhai. Juu ya hayo, Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikipanda, besi huonekana kupanda kwa kasi kuliko sauti za katikati. Kwa hiyo XR, ambayo tayari ina besi ya kiwandani, inapewa besi ya pili ya bure kwa kuwa tu inalia zaidi. Ukiichomoa SR na kuchomeka XR bila kugusa kitufe cha sauti, umekwisha kuamua kabla wimbo haujaanza.

Vitufe vya simu havisaidii sana, maana kila hatua yake mara nyingi ni kubwa kuliko tofauti unayotaka kufuta. Iko njia isiyodai chombo chochote cha kupimia. Nunua kigawanyi cha jeki, chomeka iafoni zote mbili kwa pamoja, kisha vaa upande wa kushoto wa SR na upande wa kulia wa XR. Piga mlio mmoja wa hezi 1,000. Utausikia umeegemea kulia, kwenye XR. Simu za Android zina mizani ya kushoto na kulia ndani ya mipangilio ya wenye mahitaji maalumu. Isogeze taratibu mpaka mlio ukae katikati ya paji la uso. Halafu badilisha, XR kushoto na SR kulia, urudie, kwa sababu huenda sikio lako moja ni zito kuliko jingine. Wastani wa vipimo hivyo viwili, ukishageuzwa kuwa desibeli, ndio kiasi cha kuipunguza XR kwenye programu ya muziki yenye kidhibiti cha desibeli.

Kitu cha pili ni kuziba, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Tundu la sikio lililo wazi hukuza lenyewe sauti za karibu na hezi 2,700, na ubongo umezoea hivyo tangu utotoni. Ukiliziba, ukuzaji huo unavurugika, kwa hiyo mtengenezaji hulazimika kuurudisha ndani ya iafoni, na kutokukubaliana juu ya kiasi cha kurudisha ndiko kunakofanya iafoni nyingi za bei mbaya zisilie sawa. Lakini hesabu yote hiyo inadhani hakuna upenyo. Mpira ukiacha mwanya hata mwembamba kama uzi, sauti za juu zinabaki ila besi inavuja. SR yenye mwanya hailii kama SR. XR yenye mwanya nayo yaweza kuwa kavu kuliko SR iliyozibwa vizuri, na mnunuzi akaapa kwamba ameuziwa pacha asiye wake.

ER4 huja na mipira ya ngazi tatu, mithili ya msonobari mdogo, na lazima iingie ndani kuliko watu wengi wanavyopenda. Si starehe. Lowesha kidogo, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, sukuma taratibu, achia. Ukisikia sauti yako mwenyewe inavuma kichwani kama uko ndani ya mtungi, imekaa. Piga mlio wa hezi 50: ukiwa mzito na umesimama imara, endelea, ukiwa mwembamba au unayumba unapotafuna, toa uanze upya. Hilo linafanywa kila unapobadilisha. Anayeruka hatua hii kwa uvivu analinganisha vidole vyake.

Kitu cha tatu ni mtaa wenyewe. Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 55 mchana na 35 usiku katika maeneo ya makazi yenye biashara ndani yake. Aliyewahi kulala nyuma ya baa ya Kawangware jirani na kanisa la mkesha atajua namba hizo zinaishi karatasini. Ila kwa somo letu, aina ya kelele ina uzito kuliko kiasi chake. Kinu cha unga, jenereta, matatu inayonguruma mahali pamoja, treni ya Kikuyu inayokatiza Kibera asubuhi na jioni: zote hizi ni kelele za chini, na sauti ya chini ina nguvu ya kufunika sauti ya chini nyingine pamoja na zilizo juu yake kidogo. Kinachofunikwa kwanza ni kile hasa kinachowatofautisha mapacha hawa. Kando ya Barabara ya Naivasha saa kumi na mbili jioni, kwa mpira usiokaa vizuri, XR inasikika kama SR na SR kama redio ya betri zilizochoka.

Zikikaa sawasawa, kiwanda kinadai zinakata kelele kwa desibeli 35 hadi 42. Vizibo vya sponji hukata zaidi ya vile vya mpira. Lakini ukataji huo hauko sawa katika masafa yote. Ngurumo za chini ndizo zinazopenya kwa urahisi. Kutokana na hilo nina maoni ambayo huenda mhandisi wa Illinois asiyapende: kwa mtu anayesikilizia njiani au chumbani mchana, XR ndiyo iafoni iliyo karibu na ukweli, kwa kuwa besi yake ya ziada inalipia ile iliyomezwa na mtaa. SR ni ya saa nane usiku, umeme ukiwapo na majirani wamelala. Wanaopita kwa miguu juu ya reli pale Kibera waziweke mfukoni zote mbili.

Ukishasawazisha sauti, ukaziba, ukapata saa ya utulivu, bado kuna adui wa mwisho, naye ni kujua. Ukijua kwamba sikioni mna XR, besi utaisikia hata kabla gitaa la besi halijaingia. Dawa yake ni ya tangu mwaka 1950, pale Munson na Mark Gardner wa maabara za Bell walipoeleza jaribio ambamo msikilizaji hupewa A, hupewa B, kisha hupewa X asiyoijua na kuulizwa ni ipi kati ya hizo mbili. Mapacha wetu wana faida kubwa hapa: umbo lao ni moja, hivyo ukifungwa kitambaa machoni ngozi haiwezi kuwataja. Mwenzako arushe sarafu, akupe mkononi moja, uvae mwenyewe, upime kwa hezi 50, usikilize sekunde 15 za kipande kile kile. Kipande kiwe kifupi, maana kumbukumbu ya rangi ya sauti haidumu. Katika majaribio 10, kubahatisha 8 au zaidi hutokea kama mara moja katika kila 18. Kubahatisha 9 au zaidi ni kama mara moja katika kila 93. Kwa hiyo 9 ndiyo namba ya kudai.

Na utasikia nini? Weka benga, yenye gitaa la juu linalodonoa na besi inayotembea. Gitaa la juu halitabadilika. Besi ndani ya XR itasogea hatua moja mbele na sauti ya mwanamume itanenepa kidogo kifuani. Weka dril au gengetone yenye besi ya kompyuta, ile iliyozaliwa na mashine ya Roland TR-808 ya mwaka 1980, na pengo litapanuka, kwa kuwa uzito wake wote unakaa chini. Weka kwaya isiyo na ala na huenda ukashindwa kufika 9. Wanaodai iafoni ichezwe saa mia moja ndipo ifunguke wanaweza kujaribiwa kwa jaribio hili hili. Mara nyingi kinachofunguka ni mazoea ya msikilizaji.

Limebaki swali la chanzo, yaani simu inayoilisha iafoni. Simu nyingi za bei ya chini za Tecno, Infinix na itel bado zina tundu la jeki ambalo Apple iliondoa kwenye iPhone mwaka 2016, na hapo mtu wa Kawangware yuko mbele ya mtu wa mtaa wa kitajiri wa Karen. Lakini ulimi wa chuma una tabia yake: ukinzani wake hupanda masafa yanapopanda. Ukiulisha kutoka kwenye chanzo chenye ukinzani mkubwa, sauti za juu hupata mgawo mnono wa volti na besi hubaki nyuma. Matoleo ya zamani ya ER-4 yaliitumia tabia hiyo waziwazi. ER-4P ilikuwa na omu 27 na ER-4S omu 100. Kipande cha waya chenye omu 75 kiliigeuza P ikalia kama S, kali juu, kavu chini, na ya chini kwa takriban desibeli 10. Fundi mwenye chuma cha kulehemu anaweza kukitengeneza kwa resista mbili za omu 75, moja kwa kila upande, akiuacha waya wa pamoja bila kuugusa. Kisha arudi kwenye kigawanyi cha jeki na mlio wa hezi 1,000, maana desibeli hizo 10 zitamdanganya kuliko zile mbili.